MWANASHERIA SI ZIMAMOTO

Ndugu msomaji, mwezi uliopita nilikuwa na shughuli katika ofisi ya kampuni moja hapa mjini. Nilipokuwa nikingoja kuitwa nilianza kusoma vibao vya milangoni, kama ilivyo desturi ya mtu asiye na la kufanya. Chumba cha Meneja Mkuu kilikuwa ghorofa ya juu. Kando yake kilikuwapo cha mhasibu mkuu, kisha cha meneja wa mauzo. Cha mwanasheria sikukiona. Nikamwamkia mzee mmoja tarishi aliyekuwa ameketi karibu na ngazi, nikamwuliza kama kampuni ile ina mwanasheria wake. Akanijibu, "Yupo, mwanangu. Yuko chini kule, mwisho wa ukumbi, ukishapita stoo ya majalada ya zamani. Lakini huko haendi mtu ila kumeharibika."

Shughuli yangu ilikwisha, nikarudi kazini. Maneno ya mzee yule hayakuniacha. Huko haendi mtu ila kumeharibika!

Yumkini utasema: mambo ya mwanasheria wa kampuni na chumba chake yananihusu nini mimi niliye dereva, au fundi wa mashine, au mama mwenye kusimamia nyumba? Naomba unipe dakika chache. Nitajaribu kukuonyesha kwamba mahali anapokaa mtu huyo, na saa anayoitwa, vyaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya mtu kurudi nyumbani jioni na kutorudi kabisa.

Hebu tuanze na mfano wa nyumbani. Kijana akitaka kuoa, mshenga hutangulia. Wazee wa pande zote mbili huketi mkekani kabla ya mahari kupokewa, wakauliza yale ambayo wapendanao hawana macho ya kuyaona: Je, kuna deni? Kuna ahadi ya zamani? Kuna maradhi yanayofichwa? Hiyo ndiyo kazi ya mzee mwenye busara. Lakini zipo familia nyingine ambazo huwakumbuka wazee siku bibi amekwisha funga mizigo yake. Wazee ni wale wale, na hekima ni ile ile, bali siku hiyo kazi iliyobaki ni kugawana vyombo tu.

Mwanasheria wa kampuni ni kama wazee hao. Yeye si yule wakili wa kukodi mwenye ofisi yake mjini, anayehudumia wateja mbalimbali na kulipwa kwa kila kesi. Huyu ni mfanyakazi kama wewe. Analipwa mshahara wa mwezi, anakula chakula cha mchana na wenzake, na anapaswa kuijua kampuni ndani na nje. Swali ni hili: aitwe siku ya mkeka, au siku ya kugawana vyombo?

TOKA STOO HADI MEZANI

Katika nchi ya Marekani, ambako makampuni makubwa ni mengi, jibu la swali hilo limebadilika sana katika muda wa miaka 50 iliyopita. Hapo zamani jambo zito lilipotokea, wakubwa wa kampuni waliwakimbilia mawakili wa kukodi wenye majina. Mwanasheria wa ndani alihesabiwa mtu wa makaratasi, na wengi walimdhania kuwa ni mtu aliyeshindwa kufika mbali katika ofisi za mawakili wakubwa.

Mwaka 1987 kampuni ya General Electric, wakati ikiongozwa na Jack Welch, ilimwajiri Ben Heineman awe mwanasheria wake mkuu. Heineman aliwavuta wanasheria wazoefu kutoka nje, akawaweka bega kwa bega na wakuu wa kila tawi la biashara, ili washauri wakati jambo linapopangwa badala ya kungoja lipelekwe mahakamani. Alishika madaraka hayo hadi mwaka 2003. Katika kitabu alichotoa mwaka 2016 alieleza kwamba mwanasheria wa kampuni ana wajibu wa namna mbili kwa pamoja: ni mshirika katika biashara, na papo hapo ni mlinzi wa uadilifu wake. Makampuni mengi yakaiga mtindo huo. Siku hizi ni jambo la kawaida kumkuta mwanasheria mkuu katika mkutano ule ule ambao bei inapangwa, kiwanda kinanunuliwa, au bidhaa mpya inaamuliwa itoke lini.

Lakini cheo ni jambo moja, na kujua yanayotendeka ni jambo jingine. Waweza kumpa mtu kiti mezani, na bado habari isimfikie. Ushahidi wa maneno haya ni kisa cha kampuni ya magari ya General Motors. Nakuomba ukisome polepole.

SWICHI YA GARI

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni hiyo ilitoa magari madogo ya bei nafuu, miongoni mwake Saturn Ion na Chevrolet Cobalt. Hayakuwa magari ya matajiri. Wengi walioyanunua walikuwa vijana wanaoanza maisha, na wazazi waliowanunulia watoto wao gari la kwanza. Ndani yake mlikuwa na swichi ya kuwashia iliyokuwa legevu. Goti la dereva likigusa ufunguo, au ufunguo ukiwa na mzigo wa funguo nyingine, swichi iliweza kurudi nyuma yenyewe gari likiwa katika mwendo. Hapo injini huzimika, usukani huwa mzito, na zaidi ya hayo, ile mifuko ya hewa inayotakiwa kufumuka na kumkinga dereva wakati wa ajali haifumuki.

Malalamiko yalianza mapema. Wahandisi waliyapokea, wakayajadili, kisha wakayaandika katika fungu la usumbufu kwa mteja, wala si katika fungu la usalama. Mwaka 2005 wauza magari walipewa waraka wa kuwashauri wateja waondoe vitu vizito kwenye funguo zao. Mwaka 2006 swichi ilibadilishwa kimya kimya, ikawa imara zaidi, lakini namba ya kifaa haikubadilishwa. Basi kila aliyechunguza baadaye aliona swichi za zamani na swichi mpya zina namba moja, akachanganyikiwa. Mwaka 2007 askari wa barabarani wa jimbo la Wisconsin, akichunguza ajali moja, aliandika katika taarifa yake kwamba huenda kuzimika kwa gari ndiko kulikozuia mifuko ya hewa kufumuka. Nakala ya taarifa hiyo iliingia katika majalada ya kampuni. Haikutumiwa.

Kurekebisha swichi moja kulikadiriwa kugharimu chini ya dola moja.

Sasa wanasheria walikuwa wapi? Walikuwapo, ndugu msomaji, tena wengi, na wenye ujuzi. Familia za waliokufa na za waliojeruhiwa zilipofungua madai, majalada yalifika mezani kwao. Wao walifanya kile ambacho desturi ya ofisi yao iliwataka kufanya: walilipima kila dai, wakapatana na familia nje ya mahakama, wakalipa, wakafunga jalada. Kisha likaja dai jingine. Mwaka 2011 baadhi yao waliwaomba wahandisi wachunguze kwa nini mifuko ya hewa haikufumuka katika ajali hizo, nasi tunapaswa kuwapa haki yao kwa hilo. Lakini uchunguzi ukakokotwa mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyepanda ngazi kwenda kugonga mlango wa mkubwa wake na kusema: "Bwana, watu wanakufa."

Tena palikuwa na utaratibu kwamba madai yasiyozidi dola milioni 5 yalimalizwa bila kumfikia mwanasheria mkuu wa kampuni. Kwa hiyo kadiri madai yalivyolipwa kwa bei ndogo, ndivyo aliyekuwa juu alivyozidi kuwa gizani. Yeye mwenyewe aliliambia Baraza la Seneti mwaka 2014 kwamba habari za swichi hiyo alizipata Februari mwaka huo, mwezi ambao magari yalianza kuitwa yarudi kutengenezwa. Palikuwa pamepita zaidi ya miaka 10 tangu swichi ile itiwe garini.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hapa kifo hakikumpata aliyeficha.

MANENO YALIYOKATAZWA

Bodi ya Wakurugenzi ilimpa kazi ya uchunguzi Anton Valukas, aliyepata kuwa mwendesha mashtaka wa serikali. Taarifa yake ya Juni 2014 ina kurasa zaidi ya 300, nayo imejaa mambo ambayo mfanyakazi ye yote wa ofisini atayatambua, hata kama hajapata kuliona gari la aina hiyo.

Alieleza, kwa mfano, ishara mbili zilizokuwa zikitaniwa na wafanyakazi wenyewe. Ya kwanza ni ya mtu kukunja mikono kifuani na kunyoosha vidole huku na huku, maana yake: kazi hii ni ya fulani, si yangu. Ya pili ni ya mkutano mzima kuitikia kwa kichwa kwamba mpango ni mzuri, kisha watu wakatoka chumbani bila mmoja wao kuwa na nia ya kuutekeleza. Je, ndugu msomaji, ishara hizo huzijui?

La kutisha zaidi ni habari ya kalamu. Wafanyakazi kadhaa walimwambia kwamba katika mikutano ya usalama hawakuandika cho chote, kwa kuwa waliamini wanasheria hawataki pawe na maandishi. Alipouliza ni mwanasheria gani aliyetoa amri hiyo, hakupatikana wa kumtaja. Ilikuwa ni imani iliyoenea tu, kama habari za mashetani wa mti fulani. Kadhalika mwaka 2014 Serikali ya Marekani ilifichua mafunzo ya mwaka 2008 ambamo wafanyakazi wa kampuni hiyo walishauriwa kuepuka maneno kadhaa katika taarifa zao. Miongoni mwa maneno hayo lilikuwamo neno "kasoro", na neno "usalama" lenyewe!

Hapo ndipo unapoona msiba wa mwanasheria kuwekwa mwisho wa ukumbi. Wafanyakazi hawamjui kama mshauri. Wanamjua kama kitisho. Wanadhani kazi yake ni kufuta nyayo. Basi fundi mwenye jambo la kusema hulimeza, karani mwenye jambo la kuandika huweka kalamu chini, na jambo lenyewe huendelea kukua gizani.

Gharama yake iliorodheshwa baadaye. Magari milioni 2.6 yaliitwa yarudi kwa sababu ya swichi hiyo. Serikali iliipiga kampuni faini ya dola milioni 35 mwezi Mei 2014, na mwaka 2015 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 900 ili kumaliza shauri la jinai. Wafanyakazi 15 walifukuzwa, wakiwamo wanasheria. Mfuko wa fidia ulioundwa na kampuni ulikubali madai ya vifo 124 na majeruhi 275. Hesabu ya fedha twaweza kuijumlisha. Ile ya vifo 124 haina jumla, kwa maana kila kimoja kina mama yake, na meza yake yenye kiti kitupu.

Baada ya hayo utaratibu ukabadilishwa: kila dai lenye kifo au jeraha kubwa lazima limfikie mwanasheria mkuu kabla ya kupatana, liwe la dola nyingi au chache. Badiliko lenyewe laweza kuandikwa kwa mstari mmoja. Laiti mstari huo ungeandikwa miaka 10 kabla yake!

KUKARIBIA SANA NAKO KUNA HATARI

Lakini tusije tukadhani kwamba dawa ni kumleta tu mwanasheria karibu na mkubwa, yakaisha. La hasha. Kampuni ya nishati ya Enron, pia ya Marekani, haikuwa na upungufu wa wanasheria. Mikataba iliyotumika kuficha madeni yake ilipita mikononi mwa wanasheria, wa ndani na wa kukodi, na haikuzuiwa. Kampuni ilifilisika Desemba 2001, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi pamoja na akiba zao za uzeeni. Walioumia ni watu kama wewe na mimi, waliokatwa mishahara yao kila mwezi wakitumaini kustarehe baadaye.

Kwa sababu ya misiba ya namna hiyo Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2002, na kanuni zake zikafuata mwaka 2003. Kwa kanuni hizo, mwanasheria wa kampuni inayouza hisa kwa umma akiona dalili za uvunjaji mkubwa wa sheria, lazima alipeleke jambo hilo kwa mwanasheria mkuu wa kampuni au kwa mkuu wa kampuni mwenyewe; asiposikilizwa, alipeleke kwenye Bodi. Maana yake ni kwamba mteja wa mwanasheria ni kampuni nzima, wala si bwana mkubwa anayemtilia sahihi ruhusa ya likizo.

Huko Ulaya nako Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu Septemba 2010 katika shauri la kampuni ya Akzo Nobel. Ilisema kwamba katika uchunguzi wa Ulaya juu ya ushindani wa biashara, barua za mwanasheria wa ndani hazipati ile kinga ya siri inayopewa barua za wakili wa nje, kwa sababu mtu aliyeajiriwa na kampuni hana uhuru ule ule wa kumwambia mwajiri wake ukweli. Wanasheria wengi wa makampuni hawakufurahia hukumu hiyo. Hata hivyo imeuliza swali la haki: mtu anayekula kwa mkono wa mwingine aweza kumwambia kwamba mkono huo ni mchafu?

Nadhani jibu ni kwamba aweza, ikiwa amewekewa njia. Awe na mlango wa kuingia kwenye Bodi bila kupita kwa meneja. Asifukuzwe kazi na mtu mmoja aliyekasirishwa. Tena awe na moyo, jambo ambalo hakuna kanuni inayoweza kulitoa.

KWETU KAZINI

Sasa turudi kwetu. Hatuundi Chevrolet Cobalt hapa mjini. Lakini tunazo mashine zinazokata vidole, mabasi yenye breki za kuombea dua, na maghala yenye waya zilizochubuka. Fundi akikatwa kidole leo, fomu hujazwa na fidia hutafutwa. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, nao ni msaada mkubwa kwa aliyeumia na kwa watoto wake. Lakini fidia haitengenezi mashine. Kama jalada la kidole cha kwanza litafungwa pasipo mtu kwenda kuitazama ile mashine, basi tujue kwamba tayari tumekwisha fungua jalada la kidole cha pili.

Ndiyo maana nasema, mwenye mamlaka ya kumwajiri mwanasheria na amtoe karibu na stoo. Amwite mkataba unapoandikwa, kabla ya wino kukauka. Amwite mashine inaponunuliwa, ili aulize ni nani atawajibika ikivunjika. Amtume hata kwenye karakana akaone kwa macho yake, maana sheria haiishi ndani ya vitabu peke yake.

Nawe uliye mfanyakazi una sehemu yako. Ukiona hatari, iandike. Tumia maneno yake halisi: kasoro iite kasoro, hatari iite hatari, utie na tarehe. Weka nakala. Akikuambia mtu kwamba mwanasheria hataki maandishi, mwulize kwa adabu ni mwanasheria yupi, na amesema lini. Aghalabu utakuta hakuna. Kisha mwende mwanasheria mwenyewe, mgonge mlango wake kabla hakujaharibika. Hadhi yake haitapungua kwa kutembelewa na fundi. Yumkini siku hiyo ndiyo atakayojifunza jambo ambalo hakuna jalada lililomweleza.

Na wewe mwanasheria wa kampuni unayesoma ukurasa huu na familia yako Jumapili ya leo, nina ombi moja tu kwako. Kesho, kabla ya kufunga jalada la mtu aliyeumia, jiulize kama kile kilichomuumiza kimeondolewa. Kama hakijaondolewa, panda ngazi.

Mzee tarishi alipokuwa akinisindikiza hadi mlangoni siku ile, nilimwuliza kama yeye amepata kuingia katika chumba cha mwanasheria. Akacheka. "Mimi humpelekea chai kila saa nne, mwanangu. Mtu mwema sana. Huniuliza habari za kazi. Hakuna mwingine anayemwambia."

Tukutane tena Jumapili ijayo.